Siku yangu na ufa mmoja, Kisumu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya chai, nalipa ushuru. Leo ni tarehe 20 Mei, siku ya mwisho ya kulipa ushuru wa pango la mwezi uliopita: asilimia 7.5 ya pango lote nililopokea, bila kutoa hata shilingi moja ya ukarabati. Tangu Januari 2024 kiwango kilishuka kutoka asilimia 10, nami nashukuru. Lakini kwa sisi tunaonunua nyumba kuukuu na kuzifufua, kila mfuko wa simiti bado unauma.

Saa moja. Niko mtaa wa Manyatta, kwenye nyumba ninayoifufua sasa. Vijana wanachekecha mchanga. Nawasalimu na kwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni.

Ufa unaanzia kona ya dirisha, unashuka kwa vidato kufuata maungio ya matofali mpaka chini. Mwezi wa pili, kukiwa kukavu, nilipitisha mstari wa penseli juu yake, nikaandika tarehe kando. Leo mstari umekatika vipande viwili: wa kulia umepanda, unene wa kucha. Nimepapasa kwa kidole, nikaingiwa na baridi.

"Mama, tupige plasta tu," fundi asema. "Rangi ikipita hapo, nani atajua?"

Ndivyo nilivyouziwa mimi. Dalali alinileta wakati wa kiangazi, kuta zinang'aa, harufu ya rangi haijaisha. Sitamfanyia mpangaji hivyo.

Tunainua macho pamoja. Gata, mfereji wa maji ya paa, imeoza juu ya kona hiyohiyo. Huu ni udongo mweusi: ukinywa maji huvimba, jua likiwaka hunywea na kupasuka. Kila mvua, kona moja ya msingi hunyweshwa peke yake na kusukumwa juu, huku nyingine zimetulia. Plasta haiwezi kushindana na hilo. Naamua: gata mpya leo, mtaro leo, kisha zege la upana wa mita moja kuzunguka nyumba, limeinamia nje. Ufa tutauacha wazi mpaka mvua za vuli zipite. Fundi ananuna kidogo, maana alitarajia kumaliza Ijumaa. Namwelewa.

Saa tano, hadawea, duka la vifaa vya ujenzi. Saa saba, omena na ugali, haraka.

Saa nane, mama anayekaa chumba cha uani, niliyemkuta humu nilipoinunua, ananiita kando.

"Mwanangu, ukimaliza utatupandishia kodi?"

"Mama, mwaka huu hapana. Mwakani nitakuja tuzungumze kabla sijaandika chochote."

Hesabu yangu inabana, najua. Ila yeye ndiye aliyenionyesha maji yalikokuwa yakituama miaka yote, na bila yeye ningechimba upande usiofaa.

Saa kumi, wingu limejikusanya upande wa vilima vya Nandi. Skrubu ya mwisho ya gata inaingia matone yakianza. Mvua inashuka kwa kishindo, sote tumejibana kibarazani. Maji yanakimbia kwenye gata, yanateremka na bomba, yanaingia mtaroni na kwenda zake barabarani. Fundi anatoka na gunia kichwani, anachutama penye kona, anachota udongo wa ukutani na kuufinya.

"Mkavu," asema.

Nampa penseli. Anachora mstari mpya mwenyewe na kuandika: 20 Mei.