Nilivyosaka matundu ya mifuko ya korosho kwa gesi ya mafundi wa friji

Korosho za kukaanga hazipatani na hewa ya Mombasa. Ziache wazi usiku kucha, asubuhi zimelegea. Zikikaa zaidi, mafuta yake yanaanza kunuka. Ndiyo maana kwenye karakana yetu ndogo huku Changamwe tunazifunga katika mifuko yenye utando wa alumini: mashine inanyonya hewa, inajaza naitrojeni, kisha inaziba. Hata hivyo duka moja la Nyali likawa linaturudishia mifuko. Ukiitazama imefungika sawasawa, ukiifungua korosho ni laini kama maharagwe.

Njia tuliyokuwa nayo ni beseni la maji. Unauzamisha mfuko, unaukandamiza, unangoja mapovu. Tundu kubwa linajitaja lenyewe. Lile la unywele halitoi kitu, kwa sababu maji yenyewe yanaliziba mdomo, au linatoa povu moja wakati wewe umeshageuka kumjibu mtu.

Aliyenitoa kwenye beseni ni fundi wa makontena ya friji, mteja wangu, ambaye kazi zake ziko upande wa bandari ya Kilindini. Alinikuta nimelowa mpaka viwikoni. "Mama, sisi bomba likivuja hatuliogeshi," akaniambia. "Tunalijaza gesi, halafu tunalinusa."

Gesi yao ni mchanganyiko wa haidrojeni 5% na naitrojeni 95%, na kinusi ni kifaa cha mkononi chenye shingo ndefu inayopindika na kihisi nchani. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote na inajipenyeza upesi. Tena katika hewa ya kawaida iko kidogo mno, kama nusu ya sehemu moja kwa milioni, kwa hiyo ikiongezeka kidogo tu kifaa kinalia. Viwanda vikubwa hutumia heliamu na mashine za kupambanua molekuli kwa uzito wake. Zinanasa matundu madogo zaidi, lakini bei yake haiendani na biashara ya korosho.

Kuhusu moto, wasiwasi una msingi: haidrojeni safi ikifika 4% hewani inaweza kushika. Ule mchanganyiko wa 5% ndani ya naitrojeni haushiki, uuchanganye na hewa kwa kiasi chochote. Ila lazima ununuliwe ukiwa tayari umechanganywa na kampuni ya gesi. Atakayekuambia mchanganye wenyewe uani, mfungulie mlango aende zake.

Tulichomoa mpira wa naitrojeni kwenye mashine, tukaunga wa mtungi ule kupitia regyuleta yake, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, tukafunga korosho kama siku zote. Nilikataa kupima mifuko mitupu, maana mfuko mtupu hauna vumbi wala mafuta kwenye mdomo wake. Kila mfuko tuliulaza kati ya mbao mbili na kuuwekea uzito ili gesi isukumwe nje, fundi akapitisha ncha polepole kando ya mshono, karibu kuugusa. Feni tulizima, na joto la Machi mnalijua.

Kifaa kikaanza kulia hata mfuko haujakaribia. Fundi akakitoa nje, akakirudisha, akacheka: jirani alikuwa anachaji betri ya foko, lile gari la kunyanyulia mizigo, nyuma ya ukuta, na betri za namna ile zinapochajiwa hutoa haidrojeni. Tukangoja amalize.

Mshono wa katikati ulikuwa mzima karibu kila mahali. Kilio kilitoka pembeni, pale ambapo mkunjo wa ubavu wa mfuko unakutana na mshono, na tabaka nne za plastiki zinageuka kuwa mbili. Hapo panabaki kijimfereji ambacho jicho halikioni. Mahali pengine palipolia, tulipopasua tulikuta kipande cha ganda jekundu la korosho kimebanwa ndani ya mshono.

Mifuko iliyorudishwa na duka ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo tuliibandika kiraka cha tyubu ya baiskeli na kuingiza gesi kwa sindano kupitia kiraka hicho. Ikalia kwenye pembe zilezile.

Tulipandisha joto la taya za mashine kidogo, tukaongeza muda wa kubana, tukabadilisha mpira wa taya uliokuwa umebonyea. Faneli ya kujazia tumeirefusha, korosho zisiguse tena mdomo wa mfuko. Tulipopima upya, pembe zilinyamaza.

Mifuko ya majaribio haiuzwi, kwani gesi ile ni ya mabomba, haikutengenezwa kwa chakula. Na kwa pakiti zetu ndogo za plastiki inayoonyesha ndani, zisizo na alumini, kipimo hiki hakifai: haidrojeni inapita kwenye plastiki yenyewe, kifaa kinalia kila upande. Hizo bado tunazipeleka kwenye beseni.