Itikadi Iliyochelewa Kuja Uganda

Uganda ilipopandisha bendera yake tarehe 9 Oktoba 1962, ilikuwa na katiba na bunge, lakini haikuwa na itikadi iliyokubaliwa na wote. Chama cha UPC (Uganda People's Congress) cha Milton Obote kilishika madaraka kwa kuungana na Kabaka Yekka, chama kilichotetea ufalme wa Buganda, na kwa maoni yangu muungano huo ulikuwa mbinu ya kuwashinda wapinzani wao wa chama cha DP (Democratic Party) kuliko makubaliano kuhusu taifa walilotaka kulijenga. Ulivunjika mwaka 1964. Mwaka 1966 jeshi lilishambulia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, na katiba ya 1967 ikazifuta falme.

Ndipo mwaka 1969 Obote alipoleta Mkataba wa Mwananchi wa Kawaida, tamko la sera la chama chake, akiielekeza nchi kwenye ujamaa. Nauheshimu mkataba huo kwa kupinga ukabaila na unyonyaji, lakini inaniuma kwamba uliidhinishwa na mkutano wa chama, si na wananchi wenyewe, na kwamba mkutano huo ulipomalizika kwa jaribio la kumuua Obote, vyama vya upinzani vilipigwa marufuku. Mashauriano mapana na wananchi yalisubiri tume ya katiba ya Jaji Benjamin Odoki, iliyotangulia katiba ya 1995.