Ada ya kuhamisha umiliki wa nyumba: hadi lini mji uombe ruhusa?

Kisiwa cha Nantucket, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, hutoza asilimia 2 ya bei ya nyumba na viwanja vinavyouzwa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1983, na fedha hizo hutumika kununua ardhi ili isijengwe. Madalali wanaodai kwamba ada ya namna hii itaua soko wangepaswa kueleza ni kwa nini nyumba za kisiwa hicho ni miongoni mwa zile za bei ya juu kabisa jimboni humo.

Hata hivyo, kisiwa hichohicho hakiwezi kujiamulia kutoza ada kama hiyo kwa ajili ya makazi ya walimu na wauguzi wake, kwani miji ya jimbo hilo haina mamlaka ya kuanzisha kodi mpya bila idhini ya Bunge la jimbo. Mnamo Oktoba 2023, Gavana Maura Healey alipendekeza kila mji uruhusiwe kujichagulia ada ya kati ya asilimia 0.5 na 2, itakayolipwa na muuzaji, tena kwa sehemu ya bei inayozidi dola milioni 1 au bei ya kati katika kaunti (ile ambayo nusu ya nyumba huuzwa chini yake na nusu juu yake), ikiwa hiyo ni kubwa zaidi. Wabunge walikiondoa kipengele hicho, na sheria aliyoitia saini Agosti 2024 iliidhinisha zaidi ya dola bilioni 5 kwa ajili ya makazi bila ada hiyo kuwamo. Kwa maoni yangu, waliondoa sehemu ambayo ingeziachia jamii fedha zao wenyewe.

Neno "sehemu inayozidi" ndilo lenye uzito. Los Angeles, iliyoanza kutoza ada yake tarehe 1 Aprili 2023, ilitoza asilimia 4 ya bei yote mara tu ilipovuka dola milioni 5, kwa hiyo jengo lililouzwa kwa milioni 5 kamili halikudaiwa kitu, ilhali lililozidi kidogo tu lilidaiwa takriban dola 200,000. Nani asingejadiliana bei ishuke? Chicago ilibuni viwango vya ngazi, yaani kila kiwango kikitozwa kwa sehemu yake tu ya bei, ambavyo naviona vya haki zaidi, lakini wapiga kura waliukataa mpango huo Machi 2024.

Mapato haya pia hupanda na kushuka pamoja na soko, hivyo yafaa yanunue viwanja na kugharamia ujenzi, huku ruzuku za kodi ya pango za kila mwezi zikitafutiwa chanzo kingine.