Njano Isiyokuwepo: Taa za Rangi Zinavyochanganyika Jichoni

Fungua kwenye simu picha yenye njano iliyokolea, kisha dondosha tone la maji juu ya kioo, dogo kama kichwa cha kiberiti. Tone hilo linakuwa lenzi. Sogeza jicho karibu utazame ndani yake: utaona vijitaa vyekundu na vya kijani vimepangana, na vya buluu vimezimwa au vinafifia. Njano hakuna. Futa tone, inyooshe simu mbali kidogo, na njano imerudi.

Mwanga wa rangi haugeuki unapochanganyika. Mwekundu unabaki mwekundu na wa kijani unabaki wa kijani mpaka unaingia mbonini. Njano inatengenezwa ndani yetu. Ukishalielewa hilo, mambo mengi yanayowasumbua wapambaji wa kumbi, wapiga picha na wanunuzi wa vitambaa hapa Dar yanaeleweka.

Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli zinazoitwa koni, za aina tatu. Moja huamshwa zaidi na mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 420, ya pili karibu 530, ya tatu karibu 560. Koni haijui rangi. Inajua tu kama imeamshwa sana au kidogo, na ubongo ndio unaolinganisha taarifa za zote tatu. Mwanga halisi wa njano, wa nanomita 580 hivi, huziamsha koni mbili za mwisho kwa pamoja na kuiacha ile ya kwanza imelala. Nyekundu na kijani zikifika pamoja hufanya vilevile, na ubongo hauna njia ya kutofautisha. Thomas Young alilieleza wazo la vipokezi vitatu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alilionyesha London kwa picha tatu za utepe mmoja, zilizomulikwa ukutani kupitia vichujio vyekundu, kijani na buluu mpaka rangi za utepe zikatokea.

Jaribio la nyumbani linahitaji tochi tatu zinazofanana, zenye mwanga mweupe, na ile nailoni ya rangi ya kufungia zawadi. Funga tabaka mbili au tatu mbele ya kila tochi, moja nyekundu, moja kijani, moja buluu. Zima taa, zielekeze zote sehemu moja ya ukuta mweupe kutoka mita moja na nusu, zikiwa zimeachana kama shubiri mbili. Mara ya kwanza karibu kila mtu hukosa weupe, kwa sababu nailoni ya buluu hula mwanga mwingi na jicho lenyewe huiona buluu kwa udhaifu. Basi isogeze tochi ya buluu mbele: ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaofika ukutani unakuwa mara nne. Ukuta ukielekea waridi, rudisha nyekundu nyuma. Nailoni za bei rahisi huvujisha rangi nyingine, hivyo weupe safi kabisa usiutegemee.

Sasa weka mkono mbele ya ukuta. Vivuli vitakuwa vya rangi! Penye nyekundu iliyozibwa patatokea sayani, ile buluu-kijani ya bahari. Penye kijani iliyozibwa, majenta, ile waridi iliyokolea inayoelekea zambarau. Penye buluu iliyozibwa, njano. Ni wino zilezile tatu zilizo ndani ya printa za stesheneri, na si bahati: kila wino kazi yake ni kunyonya mojawapo ya zile rangi tatu za mwanga. Ndiyo maana fundi rangi akichanganya nyekundu na kijani kwenye ndoo anapata kahawia chafu, na mwendesha taa akizichanganya jukwaani anapata njano.

Tatizo la sare za kamati ya harusi linaanzia hapahapa. Vitambaa viwili vya damu ya mzee, kimoja satini na kingine cha pamba, vinaweza kufanana kabisa chini ya taa za duka Kariakoo na kuachana vikitoka nje. Taa nyingi nyeupe za LED ni chipu ya buluu, karibu nanomita 450, iliyofunikwa unga unaotoa njano; sehemu ya nyekundu iliyokolea huwa haba. Rangi mbili za nguo zinazotofautiana hapo tu, taa hiyo haizitenganishi. Mwambie muuzaji akupe vyote viwili utoke navyo barazani, kivulini, siyo juani moja kwa moja. Kisha viangalie tena chini ya taa ya njano. Vikifanana kote kuwili, kata.

Ukumbini kosa ninaloliona baya zaidi ni kumulika nyuso za maharusi kwa weupe uliochanganywa na taa za rangi tatu. Ukuta utaonekana mweupe, lakini kati ya kijani na nyekundu pana pengo, na ngozi yetu ya kahawia inategemea sana eneo hilo. Inageuka kijivu, au nyekundu kama ya homa. Nyuso zipewe taa nyeupe ya joto, yaani inayoelekea njano, kelvini 3200 hivi kwenye kipimo cha rangi ya taa, kutoka mbele kwa pembeni. Rangi zibaki kwenye kuta na mapambo. Kama lazima taa za rangi ziguse watu, chagua zenye chipu za ziada, nyeupe na kaharabu. Mpiga picha akipata mistari ya giza kwenye picha, ajaribu spidi ya shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde, maana taa nyingi hupepesa kufuata umeme, na umeme wetu ni wa hezi 50.

Majina ya maharusi kwenye skrini yasiwe ya buluu juu ya nyeusi. Katikati kabisa ya retina, mahali tunaposomea, koni za buluu, zile za nanomita 420, hazipo, na lenzi ya jicho haiilengi buluu sawasawa na rangi nyingine. Wa meza za nyuma wataona ukungu tu.

Na kwa sherehe za ufukweni: baada ya jua kuzama, koni huanza kuzipisha seli nyingine zinazoona gizani, ambazo nyekundu karibu haziioni. Maua mekundu yatakuwa meusi wakati majani yake bado yanang'aa. Kama taa zitachelewa kuwashwa, agiza meupe.