Kusafisha chini ya tangi la samaki bila kufukua mimea

Ukiuliza namna ya kusafisha tangi la samaki wa mapambo, utaambiwa uchomeke mpira hadi kwenye kioo cha chini, ukoroge kokoto, unyonye kila kitu. Kwa tangi lenye kokoto tupu, sawa. Kwenye tangi lililooteshwa mimea utakata mizizi na nusu ya bustani itaelea. Cryptocoryne, mmea wa tangini wenye mizizi mingi, ndiyo inayonuna kuliko zote: ikiguswa mizizi huyeyusha majani yote kwa siku chache, hata kama baadaye itachipua tena.

Uchafu wa kahawia, ule laini unaoinuka kama vumbi samaki akipita, si adui. Ni kinyesi na majani yaliyokwisha kuoza, na mimea inayokula kwa mizizi, kama Echinodorus, Cryptocoryne na Vallisneria (hii huota yenyewe Ziwa Tanganyika), inautumia kama mbolea. Ukiwa umejipenyeza katikati ya kokoto, uache. Uondoe pale unapofunika mchanga au kulalia majani mafupi. Kinachotia maji sumu ni chakula kilichobaki na jani linalooza sasa hivi, kwa sababu hivyo hutoa amonia.

Kifaa si lazima kiwe cha dukani. Chukua mpira mwangavu, ule mafundi ujenzi wanaopimia levo. Tangi la lita 40 kushuka chini litoshewe na tundu la milimita 8 hivi. La lita 100 na zaidi, milimita 12. Mpira mnene kwenye tangi dogo humaliza maji kabla hujafika kona ya pili. Kata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, toboa kizibo tundu dogo kidogo kuliko mpira, uupitishe kwa nguvu. Mdomo mpana wa chupa, ule wa kitako ulichokata, hupunguza kasi ya maji, hivyo kokoto hupanda kidogo na kudondoka, uchafu mwepesi ukaendelea na safari. Mchanga ukianza kupanda hadi shingoni, bana mpira kwa vidole. Kama kuna vifaranga vya samaki au kamba wadogo, funga kipande cha soksi ya nailoni mdomoni.

Usianzishe kwa kunyonya kwa kinywa kama wanyonya petroli. Zamisha mpira wote tangini hadi ujae maji, ziba ncha moja kwa dole gumba, ishushe kwenye ndoo iliyo chini ya tangi, achia.

Kabla ya hapo chomoa filta na hita. Hita ya kioo ikibaki na moto huku maji yakishuka hupasuka, kwa hiyo ipe robo saa ipoe. (Dar au Mombasa huenda huna hita kabisa, Nairobi na Arusha unayo.) Punguza mimea na ondoa majani ya njano kwanza, maana yatadondoka chini tu.

Sasa mkono. Sehemu ya mbele iliyo wazi, kama ni kokoto, chomeka mdomo wa chupa sentimita 2 au 3, subiri maji ndani yaanze kung'aa, inua, kokoto zidondoke, hamia pembeni. Kama ni mchanga laini usichomeke: uchafu wake hukaa juu. Uelee sentimita 1 au 2 juu yake huku ukizungusha mkono polepole. Ukikaribia shina la mmea, acha sentimita 5 kila upande na upite juu juu. Kwenye mimea mifupi inayotandaa vua chupa, pepea kiganja juu ya majani ili uchafu uinuke, kisha uudake kwa mpira mtupu ukiwa bado unaelea. Anubias, mmea unaofungwa kwenye gogo, nyanyua na gogo lake. Chini yake ndiko uchafu unakojificha. Ukiirudisha, shina lake nene lisifunikwe na mchanga, litaoza. Na ule udongo maalumu wa mimea, wa chengachenga, usiuchomeke hata kidogo: husagika, maji yakawa tope na amonia iliyomo ikatoka.

Safisha theluthi moja ya eneo kwa wiki, ukitoa robo ya maji. Tangi la lita 60 ni lita 15, yaani robo tatu ya ndoo ya lita 20. Ndoo ikifika hapo, simama, hata kama kona moja bado ina uchafu.

Mchanga mweusi unaonuka yai viza ni habari nyingine. Hutokea mchanga ulipokuwa mnene, sentimita 5 na zaidi, na hakuna mizizi ya kupeleka oksijeni. Usiupindue wote siku moja. Gesi inayotoa harufu hiyo huua samaki. Toboatoboa kwa kijiti chembamba, eneo dogo kila wiki, kisha otesha kitu hapo. Mapovu yasiyonuka hayana neno. Konokono wa ganda refu, Melanoides, husaidia kwa kuchimba usiku, lakini watoe kwenye tangi la mtu, si bwawani: baadhi ya konokono wa mabwawa yetu hubeba kichocho.

Maji ya bomba ya kujazia yakae kwenye ndoo wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa. Bomba lenu likiwa na kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyalaza hakusaidii. Ni dawa tu. Yamimine tangini juu ya sahani yasichimbe mchanga. Sponji ya filta isuuze kwenye maji machafu uliyotoa, kamwe si bombani, usije ukaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati.

Kesho yake maji yakiwa meupe kama yamewekwa maziwa kidogo, ni bakteria wamezaliana; punguza chakula, usibadilishe tena. Samaki wakihemea juu, hapo badilisha theluthi haraka, hasa kama pH (kipimo cha uasidi wa maji) imepita 7, kwani amonia huwa kali zaidi. Usimnunue pleko, samaki mnyonyaji wa kioo, ati afanye usafi: hali kinyesi cha wenzake, na chake ni kingi kuliko cha samaki wadogo kumi aina ya gapi. Maji ya ndoo kamwagie mchicha, isipokuwa uliweka chumvi au dawa.