Kifuatiliaji cha pikipiki, usiku wa 19: antena imeachiwa huru

Imekubali! Saa saba usiku, niko uani, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, na NEO-6M (kipokezi cha GPS) inasoma mawimbi ya setelaiti kwa nguvu ya 41 huku SIM800L (moduli ya GSM, yaani ya mtandao wa simu) inatuma data.

Mnakumbuka ugomvi wenyewe. Kila GSM ilipoanza kutuma, C/N0 (nguvu ya mawimbi ya setelaiti ikilinganishwa na kelele) kwenye mistari ya GSV, ile ambayo kipokezi hutoa kuorodhesha setelaiti, ilianguka kutoka 41 hadi 26, setelaiti tisa zikabaki tatu, na tatu hazitoshi kukupa mahali pamoja na mwinuko. Nikaishtaki antena ya GSM. Inarusha hadi wati 2, sentimita nne tu kutoka kwa kipokezi kinachotegea mnong'ono wa takribani dBm -130, nani asingeishuku? Nikaigeuza huku na huku. Nikaizungushia foili ya jikoni (mke wangu ameulizia foili yake, bado sijajibu). Nikanunua antena ya GPS yenye amplifaya: 44, halafu GSM ikaamka, puu, chini tena.

Uvivu ndio ulioniokoa. Nimechoka kufungua skrubu, nikachomeka waya wa mita tatu na kuitupa antena ya GSM nyuma ya ukuta. Bado 26. Kumbe kelele haikuwa inapita hewani! Nikaipa GPS betri yake yenyewe, bila kugusa kingine: 41.

Umeme, jamani. SIM800L ikituma hunyonya hadi ampea 2 kwa mapigo ya nusu milisekunde, mara 217 kwa sekunde, na kibao cha kushusha volti nilichouziwa kuwa ni cha ampea 3 kilikuwa kinapiga magoti kila pigo. Mita yangu ilinionyesha volti 4.0 safi kabisa, maana husoma wastani tu. Osiloskopu ya kuazima ikaniumbua: mashimo hadi 3.5. Nimeweka kapasita ya maikrofaradi 1000 ubavuni mwa SIM800L, na GPS nikaipa regyuleta yake. Basi. Siku 19 kwa vitu vya bei ya chipsi mayai.

u-center, programu ya kompyuta ya watengenezaji wa NEO-6M, ina picha nzuri, lakini vile vipau vinavyochezacheza hudanganya jicho. Kijiprogramu cha Python cha mistari ishirini, kinachoandika GSV pamoja na saa, kimenifaa zaidi.

Leo nilipanga kupima mara kumi muda wa kuwaka baridi, yaani GPS kupata mahali ikianza bila kumbukumbu yoyote ya setelaiti. Sijapima hata mara moja. GSV inabeba pia uelekeo na mwinuko wa kila setelaiti, kwa hiyo nimekaa nachora anga ya uani kwangu, na mwembe wa jirani umeshaanza kujitokeza upande wa kaskazini-mashariki.