Kufuli ya mlango wa nyuma

Jumamosi, usiku

Leo tumekaa chini ya mwembe wa shule tangu saa nne hadi karibu saa nane, na moyo wangu bado uko kule. Binti yangu yuko gredi ya 6, analala bweni tangu mwaka jana. Tuliitwa kwa mambo mawili: zoezi la moto, na mafunzo ya afya ya uzazi ambayo mwalimu mkuu anataka yaanze muhula ujao.

La moto lilipita haraka. Mama mmoja aliuliza kama kengele ya usiku haitawatia watoto hofu, akajibiwa kwamba wataandaliwa kwanza, akaridhika. Tangu Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walipokufa kwa moto wa bweni, sijaona mzazi anayebishania jambo hili. Kisha wakatuonyesha. Kengele ikalia, wasichana wakatoka mlango wa mbele kwa mistari miwili, wakahesabiwa uwanjani. Mlango wa nyuma haukufunguka. Ulikuwa na kufuli, ufunguo anao matroni, na matroni yuko jikoni akisimamia chakula cha wageni. Nilimwona akija mbio huku akipapasa mifuko ya aproni. Uwanja mzima ulinyamaza.

Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 hauna utata: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isitiwe kufuli wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Kila sharti hapo lina watoto nyuma yake. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili tulipopata habari za moto wa Bombolulu (shule ya wasichana ya Kwale, upande wa Mazeras, si ule mtaa wa Mombasa). Wasichana 26. Mlango umefungwa, madirisha yana vyuma. Na usiku wa siku tulipopata habari hizo, sisi katika shule nyingine tulifungiwa kama kawaida. Nausikia mpaka leo mlio wa ile kufuli. Karibu wiki nzima nililala na viatu miguuni.

Baba mmoja alisimama akasema haondoki mpaka kufuli itoke. Ikatolewa mbele ya macho yetu, akakabidhiwa mwalimu mkuu. Nilitaka kumkumbatia yule baba.

Halafu likaja la pili.

Mwalimu alianza na "afya ya uzazi", sauti ikatoka nyuma: "Sema wazi, mwalimu, ni elimu ya ngono." Watu wakaguna. Mmoja akakumbusha kwamba mwaka 2013 serikali iliweka ahadi ya mambo haya pamoja na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, na kwamba viongozi wa dini walikuwa na haki kuyapinga. Mwingine akasema mtoto ukimtajia atataka kujaribu. Mzee mmoja mwenye kofia akamaliza kwa upole: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kazi hii ni ya nyumbani." Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Jambo likaahirishwa.

Kwenye matatu, binti yangu kalala begani mwangu, nikaanza kuhesabu nilichomfunza mimi mamaye. Kusukuma chapati. Kufua sare yake. Shikamoo kwa kila mkubwa. Kuhusu mwili wake nimemwambia neno moja tu, "jitunze", na sijawahi kumweleza anajitunza na nini, wala vipi. Nilipigia makofi kazi ambayo sijaifanya.

Wanaosema mafunzo haya yametoka Ulaya nadhani wamesahau pwani hii. Mimi nilikuwa na somo, mwanamke wa kumfunza msichana anayekua. Nilipovunja ungo mama alimwita shoga yake, tukakaa chumbani siku nzima, akanifunza usafi, kuhesabu siku, kujistiri. Alizungumza bila kuona haya na bila kunionea haya, na hadi leo namwombea. Lakini somo alikuja baada ya damu ya kwanza. Nilipokuwa na miaka 10 mtu mzima, jirani, alinishika pasipofaa, nami nikarudi nyumbani na kikombe cha sukari nilichotumwa, nikakiweka mezani, nikaenda kucheza. Sikuwa na neno la kumwambia mama. Nilichojua ni kuitika nikiitwa na mkubwa. Haya sijamwambia mtu hadi leo ninapoandika.

Ndiyo maana sikuweza kungoja. Baada ya chakula niliingia chini ya chandarua chake. Nilianza vibaya, nikazunguka, nikasema "huko chini", akanisahihisha kwa jina walilofunzwa katika sayansi, tena bila kusita. Basi nikashika hapo. Nikamwambia ni mwili wake, hakuna mwenye ruhusa ya kumgusa hapo wala kumtaka amguse yeye, na mtu akimwambia "hii ni siri yetu", siri hiyo aje nayo kwangu. Kama siko karibu, apige 116, ni bure na ni kwa ajili ya watoto.

Alifikiri. Akasema, "Kwa moto tumeambiwa ukiona moshi usimsubiri mkubwa, toka kwanza. Na kwa hili? Nitoke kwanza ama niombe ruhusa?"

"Toka kwanza."

"Hata akiwa mwalimu?"

"Hata mwalimu."

"Hata mjomba?"

Ndugu yangu nampenda, na sina neno baya juu yake. Ilinichukua muda. "Hata mjomba," nikasema, na nikamweleza kwamba mtu mwema hataudhika kwa sababu yeye ametoka.

Tulizungumza hadi saa tano. Kuhusu kuvunja ungo alijua nusu, tena nusu yenyewe kaipata bwenini, kwa hiyo tutaendelea kesho kabla sijamrudisha shule. Jumatatu nampigia mwalimu mkuu kumwambia kura yangu imebadilika.

Nilipokuwa nashusha chandarua akaniuliza kama mdogo wake wa kiume ameshaambiwa. Nikamwambia bado.

"Lakini ana miaka tisa, mama."

Baba yao alikuwa bado macho sebuleni. Nimezima feni, nimekaa naye.